Riba, rehani na mdhamini: Maneno ya mkopo yametoka mbali

Fungua gazeti lolote la Kiswahili siku ya Jumatatu ulisome tangu ukurasa wa kwanza hadi michezoni. Utamkuta mdhamini mahakamani, amekuja kumtoa mshukiwa korokoroni. Kurasa chache mbele utamkuta mdhamini mwingine, mmoja wa bodi ya wadhamini wa kanisa wanaozozania ploti. Ukifika michezoni yuko mdhamini wa tatu, kampuni iliyotoa jezi na mamilioni ya shilingi. Halafu, nyuma ya tangazo dogo la mnada ambalo wengi hulipita bila kulisoma, yuko mdhamini wa nne. Jina lake huenda lisitajwe, lakini shamba linalonadiwa ni lake, na linanadiwa kwa sababu mtu mwingine hakulipa deni.

Wanne hawa hawafanani hata kidogo. Yule wa michezoni hutoa kwa hiari, na mkataba wake ukiisha hushika njia yake. Wadhamini wa kanisa hutunza mali isiyo yao kwa niaba ya wengine. Wa mahakamani huahidi kwamba mtu fulani atafika siku ya kesi. Wa mkopo ndiye pekee aliyesema, "Huyu asipolipa, nitalipa mimi." Kiswahili chetu kimewavika wote kanzu moja.

Nalitaja jambo hili kwa sababu mikataba ya mikopo nchini, pamoja na kwamba Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, bado huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili huja kwa mdomo. Afisa wa mikopo humweleza mteja chapuchapu, foleni ikiwa inasubiri nyuma, na anachobeba mteja kichwani akienda nyumbani ni maneno matano au sita: mkopo, riba, dhamana, mdhamini, rehani, ada. Ukurasa wa ishirini wa mkataba hausomi. Kwa hivyo maneno hayo sita ndiyo mkataba wake halisi, na ni haki tuulize yametoka wapi na yamebeba nini njiani.

Tuanze na kukopa. Hili ni neno letu la Kibantu, na historia yake si safi sana. Kamusi ya Johnson ya 1939, ambayo vizazi vya walimu waliitegemea, inalipa kitenzi hiki maana mbili: kupata kitu kwa ahadi ya kulipa baadaye, na kulaghai. Mkopi naye alikuwa mkopaji na pia tapeli. Wasemaji wa zamani waliona ukaribu kati ya mambo hayo mawili, na sidhani walikuwa wakitania. Aliyekopa akatoweka alikuwa amefanya yote mawili kwa tendo lile lile. Leo maana ya pili imefifia, ingawa muuza duka yeyote aliyebandika ukutani kibandiko cha "leo pesa kesho mkopo" anaijua bila kuhitaji kamusi.

Kando ya kukopa lipo kuazima, ambalo pia ni la Kibantu. Jamaa zake wanapatikana hadi kusini mwa bara, kwa mfano katika Kitswana. Tofauti ya maneno haya mawili ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile. Ukikopa kibaba cha unga, unarudisha kibaba kingine, kwa kuwa kile cha kwanza kimekwisha kuliwa. Wanasheria wa Roma ya kale walikuwa na majina mawili tofauti kwa mikataba hii miwili na waliandika mengi kuihusu. Mswahili aliimaliza kazi hiyo kwa vitenzi viwili. Vijana wa leo wanaosema "niazime soo mbili" wanaufuta mpaka huo, ingawa pengine wanafanya hivyo kwa makusudi. Kuazima kunasikika kwa upole kuliko kukopa, na anayeazima hapaswi kuulizwa habari ya riba.

Maneno mengine karibu yote ya mkopo yalikuja na jahazi. Deni, karadha, rehani, dhamana, riba, hawala, amana, dalali na muflisi yote ni ya Kiarabu. Hundi na bepari yalitoka Bara Hindi. Mpangilio huo si wa kubahatisha, kwani unaonyesha nani alikuwa na pesa Pwani na nani alizihitaji. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa kati ya Unguja na bara iliendeshwa kwa mkopo tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, iliwakopesha wafanyabiashara na hata masultani wenyewe. Taria Topan, tajiri mwingine mwenye asili ya Kihindi, ndiye aliyegharamia misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Safari yake ndefu iliyoanza mwaka 1870 haikumrudisha Pwani hadi 1882. Hebu piga picha ya mkopeshaji anayengoja miaka kumi na miwili kabla ya kuona pembe hata moja, bila simu na bila njia ya kujua kama mkopaji yu hai.

Biashara ya namna hiyo ndiyo inayotupa picha ya kile wasemaji walichokiita mali kauli. Msemo huu bado u hai, hasa upande wa Tanzania. Mali kauli ni bidhaa uliyoichukua kwa neno lako tu, utakayoilipa ukishaiuza. Hakuna kilichowekwa mezani ila kauli. Napenda jinsi msemo huu ulivyo mkweli, kwa kuwa unamtajia mkopeshaji waziwazi anachokitegemea. Sisi Wakenya tumeubadilisha kwa "kuchukua kwa kredi", na kauli imepotea.

Kutoka enzi hizo pia tuna rasilimali. Leo neno hili tunalipa misitu, mito, madini na hata watu. Kila wizara ina idara ya rasilimali watu. Lakini kwa Kiarabu raas al-mal ni kichwa cha mali, yaani ule mkopo wenyewe kabla haujazaa kitu. Ndilo neno linalotumika katika Kurani pale waumini wanapoambiwa waache riba na wachukue rasilimali zao tu. Walatini nao walikuwa na fikra ile ile, kwa maana neno lao la kichwa, caput, ndilo lililozaa istilahi za Kizungu za mtaji. Rasilimali ilipohamia misituni ilituachia pengo, nasi sasa tunasema "pesa ulizokopa mwanzo", "mkopo halisi" au "prinsipo". Mtaji halijazi pengo hilo vizuri, kwani mtaji ni pesa ya kuanzia biashara, iwe ya kukopa au yako mwenyewe. (Wachezaji wa bao, kwa njia, wana mtaji wao: ni zamu ambayo mchezaji anapata kula kete za mpinzani. Atakayetaka kucheka na acheke.)

Na muflisi? Asili yake ni fulusi, vile visarafu vya shaba vya thamani ndogo. Muflisi ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha, sasa amebaki na visarafu tu.

Rehani ndiyo iliyosafiri kwa kupinda zaidi. Katika sheria ya Kiislamu, rehani huwa kamili kitu kinapokabidhiwa mkononi mwa anayedai. Unampa bangili, anakupa pesa; ukilipa unaikomboa. Ndiyo sababu bado tunasema kukomboa rehani, kana kwamba bangili ilikuwa mateka. Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa shamba la minazi au la mikarafuu. Shamba halibebeki, na mwenye mali alitaka kuendelea kuvuna. Mkopeshaji naye alitaka pesa zake zizae, ilhali riba ni haramu kwa Mwislamu, awe anatoa au anapokea.

Njia iliyotumika sana Zanzibar na Pwani iliitwa bei khiyari. Bei hapa haina maana ya thamani ya kitu, kama tunavyoielewa leo. Bei kwa asili ni mauzo, na khiyari ndilo neno lililotupa hiari yetu. Mwenye shamba "alimuuzia" tajiri shamba kwa pesa alizohitaji, akabaki na hiari ya kulinunua tena kwa kiasi kile kile kabla ya muda fulani. Wakati huo alibaki shambani kama mpangaji, akilipa kodi. Kwenye karatasi hakuna mkopo wala riba, kuna mauzo na kodi tu. Ila mtu yeyote aliyeifuata ile kodi mwaka hadi mwaka alijua ilikuwa inafanya kazi gani.

Wako wanaoiona hila hii kama unafiki mtupu. Mimi naiona kuwa ni zaidi ya hapo, kwa sababu ilikuwa na madhara ambayo riba iliyo wazi haina. Aliyekopa kwa riba anabaki mwenye shamba lenye deni. Aliyeingia bei khiyari amekwisha kuuza, na muda ukipita hiari yake imekufa. Bei ya karafuu ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, madeni ya wenye mashamba wa Zanzibar yaligeuka kuwa suala la siasa. Serikali ya kikoloni ilipitisha mwaka 1934 sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiende moja kwa moja mikononi mwa wengine bila idhini. Wafanyabiashara wa Kihindi waliipinga vikali, na mvutano huo ulichangia mgomo wa biashara ya karafuu wa mwaka 1937 na 1938.

Huku bara ya Kenya hadithi ilikuwa kinyume. Unguja tatizo lilikuwa deni kuzidi. Kwa Mwafrika wa Kenya ya kikoloni, tatizo lilikuwa kunyimwa hilo deni lenyewe. Benki zilikuwapo, National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, na kutokana na ukoo wake ndiyo tumeipata KCB ya leo. Lakini hazikujengwa kwa ajili ya mkulima wa Nyeri au Kakamega. Sheria ya mwaka 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika iliweka kikomo cha shilingi 200, na zaidi ya hapo ilihitajika idhini ya ofisa wa serikali. Ati ilikuwa kumlinda Mwafrika asilaghaiwe! Hata kama nia hiyo ilikuwapo, tokeo lake ni kwamba mwenye duka Mwafrika hakuweza kujaza rafu zake kwa mkopo kama alivyofanya mwenzake wa Kihindi jirani, na kisha akasutwa kwamba hajui biashara.

Mlango ulifunguliwa na mpango wa Swynnerton wa 1954. Wakati wa Hali ya Hatari, wakulima wa Mkoa wa Kati walipimiwa mashamba, wakapewa vipande vilivyounganishwa na hati za kumiliki. Wapangaji walisema kwa uwazi kwamba hati itamwezesha mkulima kukopa. Hapo ndipo hati miliki, au taito kama wengi tunavyoita, ilipozaliwa ikiwa na sura mbili. Ni cheti cha kuwa na shamba, na pia ni kitu cha kupeleka benki. Familia nyingi zililijua shamba miaka na mikaka bila karatasi, na siku karatasi ilipofika ndiyo siku shamba lilipoweza kupotezwa ofisini, bila mtu kulikanyaga.

Neno la Kiswahili lililopewa kazi hiyo lilikuwa rehani, lile lile la bangili. Lakini sheria yetu ya sasa, ile Sheria ya Ardhi ya 2012, haimkabidhi mkopeshaji shamba. Shamba linabaki la mkopaji, na benki inasajili haki yake juu yake. Wazungu nao neno lao mortgage lilitokana na Kifaransa cha kale chenye maana ya rehani iliyokufa. Yetu basi hai: mwenye shamba analima, anavuna, na deni linamtazama tu. Kinachonisikitisha ni kwamba mtu anapoambiwa "shamba umeliweka rehani" hudhani limekwisha kwenda, anakata tamaa na hata barua haifungui. Kumbe sheria inaweka hatua. Mkopaji asipolipa kwa mwezi mmoja hupewa ilani, na ilani hiyo humpa muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha mambo. Ikipita, huja ilani ya kuuza ya siku 40. Kisha dalali naye hutoa ilani yake ya siku 45. Na kama ni nyumba ya ndoa, rehani haisimami bila idhini ya mume au mke. Mtu anayejua kwamba rehani si kuuza huzitumia siku hizo. Asiyejua huzipoteza akilia.

Sasa turudi kwa mdhamini. Asili yake ni dhamana ya Kiarabu, yaani kubeba juu yako dhima ya kitu au ya mtu. Maana hiyo ni nzito na haikuwa na mchezo. Mdhamini alisimama mahali pa mdaiwa. Uzito huo ulipungua, nadhani, magazeti na redio zilipohitaji neno la kampuni zinazotoa pesa kwa timu za kandanda na kwa vipindi. Zilichukua mdhamini, na likazoeleka. Tangu hapo sikio la kijana aliyekulia mbele ya televisheni husikia ukarimu ndani ya neno hili. Mdhamini ni mtu wa heshima, picha yake iko kwenye bango.

Dada mmoja wa ukoo wetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliombwa na mwenzake wa ofisi ya walimu amdhamini kwenye chama chao cha akiba na mikopo. "Ni sahihi tu, mwalimu, hutoi hata senti." Na kweli siku ile hakutoa senti. Mwenzake alipoacha kazi na kuhama kaunti, chama kilikata akiba za wadhamini. Kilichomuuma zaidi ya pesa, aliniambia, ni kuitwa mdaiwa. "Mimi sikukopa. Mimi nilimdhamini tu." Hilo "tu" ndilo ninaloliandikia makala hii. Kisheria hakukuwa na "tu" yoyote. Mikataba mingi ya dhamana husema wadhamini wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake kwamba mkopeshaji anaweza kumwandama yeyote kati yao kwa deni lote, si kwa sehemu yake.

Kisa mashuhuri zaidi cha mdhamini duniani kiko katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Bassanio ndiye anayetaka pesa, ducati 3,000 kwa miezi mitatu. Anayetia sahihi ni rafikiye Antonio. Meli za Antonio zinaposemekana kuzama, kisu kinanolewa kwa ajili ya Antonio. Mitaani kwetu kila mkopeshaji wa pembeni anaitwa shailoki, na jina hilo limekuwa sawa na riba ya kukamua. Lakini mkopo ule wa Venisi haukuwa na riba hata kidogo. Shylock aliisamehe riba kwa makusudi na kuweka sharti la ratili ya nyama badala yake. Wanaolitumia jina lake Nairobi wanamkumbuka kwa kosa ambalo katika mkataba ule hakulitenda, na wanamsahau aliyekuwa hatarini, yaani mdhamini.

Neno bepari lenyewe lina mkasa wake. Kwa Kigujarati na Kihindi ni mfanyabiashara, basi, na Pwani ya zamani lilikuwa hivyo. Nyerere alipolitia kwenye jalada, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limegeuka tusi la kisiasa. Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno na pia ni hotuba.

Napendekeza nini juu ya mdhamini? Kampuni za michezo tungeziita wafadhili, neno ambalo tayari lipo na lina ukarimu unaotakiwa. Walinzi wa mali ya kanisa na shule wangebaki wadhamini, au wangeitwa waaminiwa. Aliyebeba deni la mwingine aitwe mdhamini wa deni, kwa maneno yote mawili, kila mara, na hasa mdomoni mwa afisa wa mikopo. Najua lugha haitii amri za makala ya gazeti. Lakini afisa anaweza kuambiwa na mwajiri wake.

Imebaki riba. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kukua, kuongezeka. Wengi huichanganya na ribhi, faida ya biashara, ambayo ni halali; kwa masikio ya Mswahili zinakaribiana, lakini kwa Kiarabu ni mashina mawili tofauti. Benki za Kiislamu zilizopewa leseni Kenya mwaka 2007 hutumia murabaha, ambayo hutokana na ribhi: benki inanunua gari, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa polepole. Kwa upande wa benki za kawaida, riba iliingia kwenye taarifa za serikali na magazeti ikaoshwa doa lake la dhambi. Sasa Benki Kuu hutangaza kiwango cha riba kama wanavyotangaza hali ya hewa. Kutoka Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria iliifunga riba ya benki isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kwa miaka hiyo mitatu hata makanga wa matatu walikuwa na maoni kuhusu riba.

Hata hivyo neno riba peke yake halimwambii mkopaji mengi. Chukua mkopo wa shilingi 120,000 wa mwaka mmoja, riba asilimia 12. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, utalipa shilingi 14,400. Kama inahesabiwa juu ya salio linalopungua, nawe unarudisha 10,000 kila mwezi, utalipa 7,800. Asilimia ni ile ile, na tofauti ni 6,600. Kiswahili cha kueleza jambo hili hakina ugumu wowote: riba ya mkopo mzima, na riba ya salio. Sijawahi kuona tangazo barabarani linalotumia mojawapo.

Halafu riba ikabadilisha jina. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopaji alitozwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na tozo hiyo haikuitwa riba. Ilikuwa ada. Ada kwa asili ni desturi, mazoea. Ndiyo sababu wazee walitoa ada kwa fundi, kwa kungwi na kwa mganga. Ni neno lisilotisha, na halina haramu ndani yake. Lakini aliyekopa kila mwezi kwa mwaka mzima alilipa mara kumi na mbili, na mara kumi na mbili ya 7.5 ni 90. Watu wa bei khiyari wangeitambua mbinu hii mara moja, ijapokuwa wao waliiita kodi.

Sheria yetu ya benki ina kipengele kimoja ambacho ningependa kipate jina la Kiswahili kabla sijafa. Tangu 2007, mkopo ukishaacha kulipwa na kuhesabiwa kuwa mkopo uliokufa, riba ambayo benki inaweza kuongeza haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Ulikuwa na deni la laki tatu mkopo ulipokufa? Riba itasimama ikifika laki tatu nyingine. Mawakili hukitaja kwa Kilatini, in duplum, na Kilatini hicho kimekificha kwa wale kinachowalinda. Wako waliolipa mara tatu na mara nne kwa kutojua kwamba kipo. Ningekiita kikomo cha maradufu. Mwenye jina bora na alilete. Anuani ya safu hii anaijua.

Na Fuliza, iliyoanza Januari 2019? Wengi huniuliza kama ni neno la kutungwa. La hasha, limo kwenye kamusi: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kukatiza.